Anayekuja Kuzima Moto Asirudi Nyumbani na Deni

Moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, ukianzia eneo la Whona ambako wapanda mlima wa njia inayopita vituo vya Mandara na Horombo hupumzika, waliopanda kwenda kuuzima hawakuwa wahifadhi wa Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) na askari wa Zimamoto peke yao. Mamia ya raia waliungana nao, wakiwemo wanavijiji wa maeneo ya jirani na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Nchini Kenya pia, misitu ya Mlima Kenya ilipoungua mwaka 2012 na ile ya Aberdare mwaka 2022, wananchi wa kando ya msitu waliingia kusaidia. Na mbali na milima hiyo yenye majina, kila kiangazi huko Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete nchini Tanzania watu huacha kazi zao wakakimbilia mashamba ya miti yanayowaka, na mara nyingi miti hiyo si yao.

Watu hawa tunawashukuru sana kwa maneno. Tunachosahau ni kuwauliza: umetumia kiasi gani?

Chukua mfano wa kijana mmoja aliyeitwa saa mbili usiku. Bodaboda ya kwenda na kurudi, shilingi 6,000 za Tanzania. Maji na chapati za kumtoa hadi alfajiri, 3,000. Vocha ya kupiga simu kuwaelekeza wenzake, 2,000. Betri za tochi, 2,500. Raba buti zake zimeyeyuka soli kwenye majivu, na jozi nyingine ni 15,000. Jumla 28,500, kwa usiku mmoja. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, hizo ni siku kadhaa za kazi. Moto wa pili atakuja kwa moyo mzito. Wa tatu atasema hakusikia simu.

Ushauri wangu kwa viongozi wa vijiji, wenye mashamba ya miti, vyama vya jamii vya misitu, na kila mtaa wenye kikundi cha kuzima moto ni huu: mtu wa kujitolea ametoa nguvu zake, usingizi wake na usalama wake. Msimwache atoe na pesa zake. Na utaratibu wa kumrudishia uwekwe kabla moto haujawaka, maana ukishawaka hakuna mwenye muda wa kukaa kikao.

Kwa nini ni suala la haki

Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto mjini Philadelphia. Kila mwanachama alitakiwa kujinunulia ndoo za ngozi na mifuko ya kitani ya kuokolea vyombo, kwa gharama yake mwenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa waliojiunga walikuwa watu wenye mali, na walikubaliana kulindiana mali hizo. Aliyelipa ndiye aliyefaidika.

Kwetu hali mara nyingi ni kinyume. Mwenye hekta 50 za misindano yuko mjini, na anayelala porini akipiga moto kwa matawi mabichi hana hata robo hekta. Tukimwacha huyu wa pili agharamie nauli na buti, tumemfanya maskini amlipie tajiri ulinzi. Na matokeo yake yanaonekana upesi: wenye uwezo mdogo wanajitoa mmoja mmoja, na kikosi kinabaki na watu wachache.

Gharama zikibaki mifukoni mwa watu, kuzima moto kunaonekana ni bure, kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kiasi kilichotumika. Mwenyekiti akienda kuomba fedha halmashauri hana la kuonyesha. Kijiji chenye daftari linaloonyesha kuwa moto wa Septemba uligharimu kiasi fulani kina hoja mkononi, na kisichoandika kina malalamiko tu.

Tenganisha mambo matatu

Ugomvi mwingi kuhusu fedha za wajitoleaji hutokana na kuchanganya marejesho, posho na fidia.

Marejesho ni kumrudishia mtu kile alichokitoa kwa ajili ya kazi. Alitumia 6,000, anarudishiwa 6,000. Hapati faida, hapati hasara.

Posho ni malipo ya kufika. Anaipata aliyetumia na asiyetumia, kwa kiwango kimoja.

Fidia ni malipo kwa madhara: mtu ameumia, ameungua, au amepoteza kipato cha siku nyingi.

Anza na marejesho, na yasimame yenyewe. Posho ikiitwa marejesho, watu watajifunza kudai hata wasichotumia, na marejesho yakiitwa posho, aliyetumia nyingi atapunjwa. Tena kuna hatari kubwa zaidi katika kumlipa mtu kwa kila moto. Mwaka 2002, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kijana aliyekuwa akilipwa anapoitwa kuzima moto aliwasha moto mwenyewe ili apate kazi. Moto huo uliungana na mwingine, ukateketeza zaidi ya hekta 180,000 na mamia ya nyumba. Alifungwa miaka kumi. Marejesho ya kweli hayana kishawishi hicho, kwa kuwa mtu hatoki na senti zaidi ya alizoingia nazo.

Andikeni orodha mapema

Kaeni kikao kabla ya kiangazi. Muwe na wajitoleaji wenyewe, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na wawakilishi wa wenye mashamba. Swali la kikao ni moja: gharama zipi zinarudishwa? Kwa vijiji vingi orodha haitazidi mistari hii:

Usafiri wa kwenda na kurudi, ukiwemo mafuta ya pikipiki au gari la mtu binafsi lililobeba watu na maji. Chakula na maji kwa walio kazini zaidi ya muda mliokubaliana, tuseme saa nne. Vocha ya simu kwa viongozi wa kikosi na wanaoelekeza watu. Betri za tochi. Vifaa na mavazi yaliyoharibika kazini: buti, panga, fyekeo, reki, jembe, bomba la mgongoni. Matibabu ya kwanza na usafiri wa kumfikisha majeruhi kwenye kituo cha afya.

Andikeni pia yasiyorudishwa, na myaseme wazi ili mtu asije akashangaa baadaye. Pombe hairudishwi. Simu ya thamani iliyopotea ni suala la kamati kuamua, si haki ya moja kwa moja. Chakula cha familia nyumbani hakimo. Kwa kifaa kilichoharibika, kanuni nzuri ni kurudisha kifaa badala ya pesa: buti kwa buti, panga kwa panga. Ni rahisi kuhakiki, na kikosi kinabaki na zana za moto ujao.

Viwango vya mkupuo na risiti

Tatizo linalojulikana na kila mtu ni kwamba bodaboda haitoi risiti. Mama lishe hatoi risiti. Mwenye duka la kitongojini anaweza kukuandikia kwenye kikaratasi, lakini saa saba usiku hana kalamu. Ukisema kila senti ije na risiti, unawanyima haki waaminifu na unawafundisha wengine kughushi.

Suluhisho ni kugawa gharama mara mbili. Zile ndogo na za kawaida zipewe viwango vya mkupuo vinavyojulikana na wote: kutoka kitongoji hiki hadi msitu ule ni kiasi hiki, mlo ni kiasi hiki, vocha ni kiasi hiki. Anayezidai hahitaji risiti, anahitaji jina lake liwe kwenye daftari la mahudhurio ya moto huo. Zile kubwa, kama mafuta ya gari, buti mpya, au dawa, zije na risiti au uthibitisho mwingine. Hata mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo si ya kuchezewa, haidai risiti kwa matumizi mengi ya kazi yaliyo chini ya dola 75. Chagueni kiwango chenu.

Uthibitisho mwingine upo mfukoni mwa kila mtu. Ukilipia kwa M-Pesa, Airtel Money au lipa namba, ujumbe wa muamala una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Huo ni ushahidi mzuri kuliko risiti nyingi za mkono. Wahimizeni wajitoleaji walipie kwa simu inapowezekana na wasifute ujumbe mpaka warudishiwe. Kwa kifaa kilichoharibika, kukiwasilisha chenyewe kunatosha: buti iliyoyeyuka soli haihitaji maelezo marefu.

Viwango vyenyewe msiviandike ndani ya katiba ya kikundi. Viwekeni kwenye kiambatisho kinachopitiwa kila mwaka. Marekani inatoa funzo hapa. Mtu anayetumia gari lake kwa kazi ya kujitolea anaruhusiwa kupunguza senti 14 kwa kila maili katika hesabu za kodi yake, na kiwango hicho kimetajwa ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo hakijasogea tangu miaka ya 1990. Kiwango cha safari za biashara, ambacho hupitiwa upya kila mwaka, kilifika senti 70 mwaka 2025. Mafuta yanapanda bei kwa wote wawili, lakini anayeumia ni mjitoleaji.

Pesa itangulie kazi

Marejesho mazuri kuliko yote ni yale yasiyohitajika, kwa sababu mtu hakulazimika kutoa chake tangu mwanzo. Kikosi kiwe na masurufu: kiasi kidogo kinachokaa tayari kwa kiongozi wa zamu, ama kwenye laini ya simu ya kikosi ama taslimu. Moto ukitokea, yeye ndiye anayelipa bodaboda, anayeagiza maji na mikate, anayenunua betri. Baada ya moto anarejesha hesabu: nilipewa hiki, nilitumia hiki, kimebaki hiki.

Taratibu za kodi za Marekani kwa fedha za aina hii zina masharti matatu ambayo hata kikundi kidogo kinaweza kuyafuata: matumizi yawe ya kazi kweli, yathibitishwe ndani ya muda unaofaa, na ziada irudishwe. Muda unaokubalika huko ni siku 60 kuthibitisha matumizi na siku 120 kurudisha ziada. Kwa kijiji ambako watu wote wanafahamiana, muda huo ni mrefu mno. Napendekeza siku saba kurejesha masurufu, siku 30 kuwasilisha madai, na siku 14 kulipa baada ya dai kupokelewa.

Huo mwisho wa siku 14 uwabane viongozi kama ule wa siku 30 unavyowabana wajitoleaji. Deni la kikosi kwa kibarua likikaa miezi mitatu, ameshakopa kwingine ili ale. Ahadi ni deni, na deni hili lina mwenye njaa.

Daftari na macho mengi

Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kikosi cha moto, daftari la kwanza ni la mahudhurio. Liandikwe siku hiyohiyo, eneo la tukio, na mtu asiyekuwa na dai: mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, au mjumbe wa kamati aliyebaki nyuma kuratibu. Safu zake ni chache: tarehe, mahali pa moto, jina, kitongoji, saa ya kufika, saa ya kuondoka, saini au dole gumba. Daftari likiandikwa wiki moja baadaye, majina hewa huingia, na jina hewa moja linatosha kuvunja imani ya wote.

Fomu ya madai nayo iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya kitu, kiasi, uthibitisho na saini. Asiyejua kuandika aandikiwe na asomewe kabla ya kuweka dole.

Kuhusu kuidhinisha, shikeni kanuni tatu bila kumwonea mtu haya. Mtu asiidhinishe dai lake mwenyewe, hata awe mwenyekiti. Anayeidhinisha asiwe ndiye anayetoa pesa. Na kila malipo yawe na saini mbili. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vimezoea sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na utaratibu huohuo unafaa kwa mfuko wa moto. Pesa ikiwa benki au kwenye simu, watu wawili au watatu wawe ndio wenye mamlaka ya kuitoa.

Kisha hesabu zisomwe mbele ya watu. Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Mfuko wa moto upewe nafasi yake: ulianza na ngapi, uliingiza ngapi, ulitoa ngapi na kwa moto upi. Anayeficha hesabu za wajitoleaji anawafukuza kwa mikono yake.

Pesa itoke wapi

Wa kwanza kuchangia awe mwenye cha kuungua. Wenye mashamba ya miti, chai, miwa au ngano wakubaliane mchango wa mwaka kwa kila hekta. Gharama hiyo ni ndogo mno mbele ya shamba la misindano lililosubiriwa miaka 15 na kupotea mchana mmoja.

Wa pili ni kijiji chenyewe. Chenye msitu wa hifadhi wa kijiji kina mapato ya mbao, mkaa au asali, na sehemu yake ipelekwe kwenye ulinzi wa msitu uleule. Sheria ndogo za kijiji zinaweza kuelekeza sehemu ya faini za wachoma moto ovyo kwenye mfuko huu, kwa kuwa mioto mingi huanza na mtu: aliyekuwa akiandaa shamba, aliyerina asali kwa moshi, aliyetupa kichungi cha sigara.

Wa tatu ni serikali. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka huduma za kuzima moto na kukabili maafa chini ya kaunti, kwa hiyo chama cha jamii cha misitu kina mlango wa kubisha: vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Tanzania ombi lipitie serikali ya kijiji na kata hadi halmashauri. Nchi zote mbili zinaanza mwaka wa fedha Julai 1, kwa hiyo ombi linalofika Juni limechelewa. Lipelekeni mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na mliambatanishe na daftari la mwaka uliopita.

Akiumia, na akipoteza siku nyingi

Majeruhi hasubiri fomu. Mfuko uwe na kiasi kilichotengwa kumfikisha mtu hospitali na kulipia matibabu ya kwanza, na kiongozi wa zamu aruhusiwe kukitumia bila kikao. Lililo bora zaidi ni kuwakatia wajitoleaji wote bima ya afya kabla ya msimu. Ni zawadi wanayoifurahia kuliko fulana, kwa sababu inawafuata hadi nyumbani.

Kuhusu siku za kazi zilizopotea, moto wa siku moja mtu huubeba mwenyewe, ndiyo maana ya kujitolea. Moto wa wiki mbili ni jambo jingine. Australia ililiona hilo katika kiangazi cha 2019 na 2020. Moto uliendelea miezi, na wajitoleaji wa mashambani walikuwa wakikosa kipato majuma kwa majuma. Desemba 2019 serikali ilitangaza kwamba wajitoleaji wa jimbo la New South Wales waliojiajiri au walioajiriwa na kampuni binafsi ndogo na za kati, na walioitwa zaidi ya siku kumi, wangelipwa hadi dola 300 za Australia kwa siku, kwa kikomo cha dola 6,000. Viwango hivyo si vyetu, lakini mpango wenyewe unafaa: kuna idadi ya siku ambazo mtu hujitolea bila malipo, kuna kiwango cha siku, na kuna kikomo. Kwa mpango kama huo, anayewasha moto ili alipwe, kama yule wa Arizona, asingepata kitu siku ya kwanza.

Kwa wewe unayejitolea

Dai haki yako. Kudai marejesho hakupunguzi thawabu yako wala heshima yako. Andika siku hiyohiyo, hata nyuma ya daftari la mtoto: tarehe, ulichonunua, kiasi. Tunza ujumbe wa muamala. Piga picha kifaa kilichoungua kabla hujakitupa. Dai ulichotumia, usiongeze hata shilingi mia, kwa kuwa dai la uongo la mmoja huchelewesha madai ya kweli ya wengi.

Na kama Mungu amekujalia na hutaki kurudishiwa, usikae kimya. Jaza fomu kama wenzako, kisha saini kwamba umeuchangia mfuko. Kwa njia hiyo gharama halisi inaingia kwenye hesabu, na jirani yako asiye na uwezo haoni aibu kudai kwa kuwa wewe hukudai.

Pa kuanzia

Kama kikosi chenu hakina chochote kati ya haya, msisubiri muwe na yote. Katika kikao kijacho pitisheni mambo matatu tu: orodha ya gharama zinazorudishwa pamoja na viwango vyake, mtu wa kuandika mahudhurio, na masurufu ya kutosha moto mmoja. Bandikeni orodha hiyo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na mtaje siku ya kupitia hesabu baada ya moto wa kwanza. Mengine yataongezwa kadiri daftari litakavyowaonyesha pengo liko wapi. Mjitoleaji anayeona pesa yake ya bodaboda imerudi ndani ya wiki mbili, bila kusukumwa huku na huku, atapokea simu mkimwita tena, na atakuja na jirani yake.